Kipimo cha Dubu

Binti yangu Ugnė alirudi Kaunas mwezi wa pili
na sanduku moja, na mtoto mmoja,
na maneno machache kuliko aliyoondoka nayo.
Sikumwuliza. Theluji ilikuwa bado juu ya paa,
nami nilishazoea kimya cha watu watatu:
mimi, Rainis na Kruopa.

Mtoto, Liepa, ana miezi ishirini.
Paka hawapendi tu: anawaabudu,
na ibada yake ni ya mikono miwili.
Rainis alivutwa mkia hadi akasahau kuwa dume.
Kruopa, ajuza wa miaka kumi na sita,
alihamia juu ya kabati la vyombo, akagoma kushuka.
Chakula huko huko. Haja pia, siku moja,
ndani ya bakuli la supu tulilopewa siku ya harusi,
marehemu mke wangu na mimi.

Basi nikasema, wapate chumba.
Kile cha nyuma, cha cherehani,
chenye dirisha linaloutazama mtufaha wa jirani.
Lakini mlango ukifungwa, paka yuko nje;
ukiachwa wazi, mtoto yuko ndani.
Nikanunua kilango: fremu ya plastiki, kidirisha cha kuning'inia,
na maelekezo kwa lugha kumi na moja,
zote zikisema, pima mara mbili.

Kumpima paka ni kazi ya watu wawili; mimi nilikuwa mmoja.
Nilimhonga Rainis jibini, akasimama.
Sentimita thelathini na moja, ukingo wa juu.
Nikapiga magoti na penseli
nikakuta penseli imenitangulia.

Mistari mitano, karibu mmoja juu ya mwingine,
kwa mwandiko wa mke wangu, ulioinama kama unaokabili upepo:
Dubu, miaka mitatu. Dubu, minne. Dubu, mitano.

Nilikuwa nimesahau.
Kila siku ya kuzaliwa Ugnė alikataa kupimwa peke yake.
Alimleta dubu wake wa kitambaa: naye asimame wima,
naye asidanganye kwa ncha za vidole.
Alama za Ugnė ziliupanda mlango kama mharagwe,
zikapita kitasa, zikapita kidevu cha mama yake.
Dubu hakuongeza hata unywele.
Na mama yake aliandika kila mwaka,
tarehe kamili, bila kucheka.

Nikakaa sakafuni, msumeno wa umeme mapajani.
Kushoto, bawaba. Kulia, mbao imepasuka.
Juu zaidi, Kruopa hataweza: magoti yake ni ya kizee kama yangu.
Nikatumia nusu saa kufikiri jambo lisilohitaji fikra.
Kisha nikakata.
Kipande kikadondokea upande wa pili,
kikaingia chumbani kabla ya paka yeyote.

Siku tatu hakupita mtu.
Rainis alilinusa tundu kama barua ya kodi.
Usiku wa nne, kofi dogo la plastiki: pa.
Baadaye sana, jingine, la kusitasita: pa.
Asubuhi juu ya kabati palikuwa patupu.
Liepa akalala kifudifudi, akaingiza mkono hadi kwapani,
akangoja, kwa adabu nisiyojua ameitoa wapi.
Kuna aliyemnusa. Akautoa mkono
akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Juzi niliamka saa nane za usiku kunywa maji.
Chini ya mlango wa nyuma, mwanga.
Ufunguo umezungushwa kwa ndani.
Kidirisha kikainuka, Kruopa akatoa kichwa,
akanitazama kama bawabu amtazamavyo mtu asiye na miadi,
akarudi.
Ndani, pumzi za mtu mzima,
zile zinazokuja kilio kikishakwisha;
na kile kipande cha mbao nilichokitafuta wiki nzima,
nadhani sasa najua kiko wapi.

Sikubisha hodi.
Nikapita na glasi yangu, kwa ncha za vidole,
mrefu kuliko nilivyo.